Dau la Dola Moja



Wajukuu walipokuja likizo walituonyesha sinema ya Kimarekani ya mwaka 1983, iitwayo Trading Places. Ni ya kuchekesha, nasi tulicheka sana. Lakini tuseme mapema: ina matusi, na sehemu nyingine hazifai kabisa kutazamwa na watoto. Wadogo tuliwatoa sebuleni.

Mambo yenyewe yanatokea katika mji wa Philadelphia. Wazee wawili ndugu, Randolph na Mortimer Duke, matajiri wa biashara ya mazao, wanabishana kama mtu hufanywa na damu aliyozaliwa nayo au na mahali alipokulia. Ili kukata ubishi wanawekeana dau. Wanamsingizia wizi meneja wao, Louis Winthorpe, kijana wa ukoo wa kitajiri, wakamnyang'anya kazi, nyumba na heshima. Mahali pake wanamweka Billy Ray Valentine, mtu mweusi aliyekuwa akiombaomba barabarani kwa kujifanya kipofu asiye na miguu. Na dau lenyewe ni dola moja! Billy Ray anakuja kuyajua hayo akiwa amejificha chooni, anapowasikia wazee hao wakilipana dola yao, na Mortimer akiapa kwamba mtu mweusi hataiongoza kampuni yao kamwe.

Ndugu hao wawili ni rahisi kuwachukia. Sisi tuliwatazama zaidi wale wengine. Winthorpe alipotuhumiwa wizi ndani ya klabu yake, mbele ya wenzake aliozoea kula nao, hakuna hata mmoja aliyeuliza kama ni kweli. Mchumba wake naye akamwacha. Aliyempa pa kulala ni mwanamke malaya, tena kwa ahadi ya kulipwa.

Billy Ray naye tusimwache. Alipopewa nyumba aliwaalika marafiki zake wa zamani. Wakanywa, wakaimba, wakaweka glasi juu ya meza nzuri bila kitu chini yake na kuzima sigara kwenye zulia. Yeye, ambaye juzi tu hakuwa na meza wala zulia, akawafukuza wote usiku ule ule. Wajukuu walicheka mpaka machozi. Sisi tulinyamaza.

Mtume Yakobo, katika sura ya 2 ya Waraka wake, anasema juu ya watu wawili wanaoingia katika kusanyiko, mmoja na pete ya dhahabu, mwingine na nguo chafu, na jinsi kila mmoja anavyoonyeshwa mahali pa kukaa. Hazungumzi na matajiri wa Philadelphia. Anazungumza na Wakristo waliokwisha kuingia kanisani.

Tunaandika haya kwa sababu sisi wenyewe tuna deni. Katika miaka yetu ya kufundisha walimu, kijana mmoja alifika chuoni siku mbili baada ya wenzake, amevaa kandambili, nguo zake zote zimo katika mfuko wa salfeti. Hatukumpima kwa swali hata moja. Wakati wa mazoezi ya kufundisha tulimpeleka shule ya mbali ambayo hakuna aliyeitaka, na ile ya mjini tukampa mwenzake mwenye viatu vinavyong'aa. Tulipokwenda kumkagua tulimkuta akifundisha kutoa kwa vizibo vya soda, na watoto hawakutaka kutoka kwenda mapumziko. Alama tulimpa nzuri. Radhi hatukumwomba, na alipohitimu aliondoka zake.

Mwisho wa sinema, wale wawili waliodhulumiwa wanaungana. Wanawapelekea ndugu wa Duke taarifa ya uongo juu ya mavuno ya machungwa, na sokoni wazee hao wanabaki na deni la dola milioni 394. Wajukuu walipiga makofi. Bwana wetu alishuka kwa hiari yake akatwaa hali ya mtumwa, kama tusomavyo katika Wafilipi sura ya 2, wala hakushuka ili apate pa kulipizia kisasi.

Mjukuu mkubwa akatwambia kuna kipande kingine. Mwaka 1988 Eddie Murphy, yule yule aliyekuwa Billy Ray, alicheza mwana wa mfalme katika sinema iitwayo Coming to America. Usiku mmoja, huko New York, anawapita wazee wawili wanaolala nje, anawapa mfuko uliojaa fedha. Ni Randolph na Mortimer. Yeye hawajui, anaendelea na safari yake.

Tumewaomba wazee wa kanisa ruhusa, nao wamekubali. Kuanzia Jumapili ijayo tutakaa benchi la mwisho karibu na mlango, tukiwa na vitabu vya nyimbo vya kuwapa wanaochelewa.