Tushushe Nyavu Tena: Neno kwa Walimu na Wazazi Mwaka wa Masomo Unapoanza

Somo: Luka 5:1-11



Jumatatu shule zinafunguliwa. Kwa ndugu waliofika Kyangwali hivi karibuni, hapa Uganda mwaka wa masomo unaanza mwanzoni mwa mwaka, si Septemba kama kwetu Kongo. Shule ya msingi ni miaka 7, na mtihani wa mwisho ni wa Kiingereza. Mtoto aliyefika darasa la nne kwa Kifaransa huko Ituri anaweza kurudishwa darasa la kwanza au la pili hapa, akae na watoto wanaomfika kiunoni. Ndiyo maana kanisa letu lilianzisha darasa la mchana, ili kuwasaidia watoto wageni kushika Kiingereza mapema.

Wiki iliyopita walimu wawili kati ya wanne wa darasa hilo walikuja kuniaga. Hawakuja kwa ubaya. Walisema, "Mchungaji, tumechoka. Mwaka mzima tumefundisha bila chochote, na watoto wanapungua." Sikuwa na neno la kuwajibu, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa ninafikiri tulifunge darasa. Nilipofungua Biblia usiku ule nilikutana na Petro akiosha nyavu zake. Nawaletea yale niliyoyapata.

1. Yesu anaomba chombo cha mtu aliyechoka

Sisi tuliovuka Ziwa Albert tunawajua wavuvi. Mvuvi akiosha nyavu asubuhi, kazi imekwisha. Petro alikuwa amekesha bila kupata hata samaki mmoja, na nyumbani wanamngoja. Hapo ndipo Yesu alipopanda katika chombo chake. Angalieni mstari wa tatu: kabla ya habari ya samaki, Yesu aliketi humo akafundisha watu. Chombo kile kisicho na samaki kilikuwa kwanza darasa.

Mwalimu, usiseme, "Nitafundisha nikipata nguvu." Bwana hakungoja Petro alale na kula. Aliomba kile kilichokuwepo, yaani chombo kitupu na mtu mwenye usingizi.

2. Petro alisema ukweli wake

Petro hakumficha Bwana. Alimweleza wazi kwamba wamefanya kazi ya kuchosha usiku kucha na hawakupata kitu. Kisha akakubali kushusha nyavu kwa sababu ya neno la Yesu. Maji yalikuwa yaleyale na nyavu zilezile. Jambo jipya lilikuwa neno moja tu.

Na sisi tuseme ukweli. Shule hapa zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, zikafunguliwa zote Januari 2022. Watoto wengi hawakurudi tena. Tangu 2020 posho imepunguzwa zaidi ya mara moja, na tumbo tupu halisikii hesabu. Kusema hayo mbele za Mungu si kukosa imani. Kukosa imani ni kusema hayo halafu kukataa kushusha nyavu.

3. Mwalimu aliyevuka kuja kwetu

Wengine wanasema, "Sisi ni wakimbizi, kazi ya umisionari ni ya wazungu." Ndugu zangu, hasa ninyi mliotoka Irumu, mmesahau Boga?

Mwaka 1896 Mganda mmoja, Apolo Kivebulaya, alivuka kutoka Toro akaenda Boga kufundisha watu kusoma na kuwahubiri Injili. Hakuwa mzungu. Alikuwa mwalimu wa kanisa, ubatizo wake haujafika hata miaka miwili, maana alibatizwa Januari 1895. Walimu wawili Waganda waliomtangulia walikuwa wamenyimwa chakula mpaka wakaondoka. Yeye alipigwa kwa amri ya chifu Tabaro. Baadaye alisingiziwa kifo cha dada yake chifu, aliyeangukia mkuki, akapelekwa Fort Portal akafungwa gerezani. Alipoachiliwa, alirudi Boga ileile. Na Tabaro mwenyewe mwishowe alibatizwa.

Kivebulaya alifia Boga tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo, kwa maana kazi ilikuwa haijaisha huko. Kanisa la Anglikana la Kongo linahesabu mwanzo wake kwake.

Basi fikirini. Mtu wa Uganda alivuka akatuletea kitabu na Injili. Leo sisi tumevuka kuja kwao. Hatukutumwa na shirika, tulifukuzwa na vita. Lakini Matendo 8:4 inatuambia kwamba waliotawanyika kwa mateso walikwenda huku na huku wakilihubiri neno. Nao walikuwa wakimbizi. Kanisa lililobaki Yerusalemu halikuwafanyia ibada ya kuwaaga wala halikuwapa nauli, na bado Mungu aliwahesabu kuwa watenda kazi wake. Mwalimu wa darasa letu la mchana, wewe ni mmisionari katika nchi ya ugeni. Mwanafunzi wako anaweza kuwa Mkongomani, Mnyarwanda au Mnyoro wa jirani. Wote ni shamba la Bwana.

Na kufundisha mtoto kusoma si kazi ndogo kuliko kuhubiri. Waganda wana neno moja, *okusoma*, maana yake kusoma, na pia kwenda kanisani kuomba. Kwa wakristo wa kwanza wa Buganda mambo hayo mawili yalikwenda pamoja.

4. Kosa langu

Petro alipoona samaki alianguka magotini pa Yesu, akakiri kwamba yeye ni mwenye dhambi. Nami nina la kukiri mbele yenu.

Mwaka jana, siku nilipomshikia mwalimu zamu, mvulana mmoja alikuwa akisinzia darasani. Nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamwambia kwamba darasa si kitanda, aende kulala kwao. Alienda, na hakurudi. Wiki tatu baadaye nilifika kijijini kwao kwa mazishi, nikamkuta amebeba dumu la maji la lita 20. Jirani akanieleza kuwa mama yake ni mgonjwa na hawezi kusimama kwa muda mrefu. Mtoto huamka saa tisa usiku kushika foleni ya bomba, halafu anapika uji, ndipo anaenda shule. Mimi sikuwahi kumwuliza hata neno moja.

Nilimwomba msamaha palepale njiani. Alinijibu, "Mchungaji, sikukasirika. Nilifikiri mlisema kweli, kwamba shule si yangu."

Wapendwa, jibu hilo limeninyima usingizi. Nilisoma chuo cha Biblia miaka mitatu, nikafundishwa kutafuta kondoo aliyepotea, na huyu nilimfukuza kwa kinywa changu. Walimu, kabla ya kumkemea mtoto mwaka huu, mwulizeni kwanza ameamkaje. Mtoto wa mkimbizi huamini upesi sana akiambiwa kwamba mahali fulani si pake. Ameshaambiwa hivyo mara nyingi.

5. Waiteni wenzenu wa chombo cha pili

Nyavu zilipoanza kukatika, Petro hakujivunia peke yake. Waliwapungia mkono wenzao wa chombo cha pili waje kuwasaidia. Kama wasingekuja, samaki wangepotea na nyavu pia.

Kanisa, walimu wetu wanazama na ninyi mko pwani mnatazama. Yule mvulana amekubali kurudi Jumatatu. Lakini mama yake aliuliza swali moja: "Nani atachota maji?" Swali hilo si la mwalimu. Ni la chombo cha pili. Kwa hiyo naomba mambo haya:

- Vijana: baada ya ibada ya Jumapili, andikeni majina kwa zamu ya kuchota maji katika nyumba hiyo na nyingine mbili zenye wagonjwa.
- Wamama wa maombi: kila kikundi kitoe kikombe kimoja cha unga wa uji kwa juma, kwa darasa la mchana.
- Wababa: msiwazuie mabinti kwa sababu ya kulima au kutunza wadogo. Binti naye ni samaki katika wavu wa Bwana.
- Wazazi wote: mtoto akirudishwa madarasa ya chini, msimcheke. Hakupungukiwa akili, amebadilishiwa lugha. Danieli na wenzake nao walijifunza lugha ya ugenini miaka mitatu (Danieli 1), na hawakumsahau Mungu wao.
- Ninyi walimu wawili mlioniaga: sitawalazimisha. Nawaomba mje Jumatatu moja tu, mshushe nyavu kwa neno lake. Mimi nitakuwa hapo kabla yenu, nikifuta ubao.

Tuombe: Bwana Yesu, ulipanda chombo cha mtu aliyechoka. Panda na chombo chetu. Utusamehe wadogo tuliowafukuza kwa maneno. Warudishe, na utufundishe kuwapokea. Amina.

Wenu katika shamba la Bwana,
Mchungaji