Daftari la Madeni

Msikilizaji mwenye duka hulijua vyema daftari la madeni, lile lenye kurasa zilizolainika kwa kufunuliwa kila jioni. Katika Injili ya Mathayo, Yesu anamjibu Petro kuhusu kusamehe kwa mfano wa mtumwa aliyefutiwa na mfalme deni la talanta, kipimo cha fedha ambacho kimoja tu kilizidi ujira wa kibarua wa miaka mingi, kisha akamkaba koo mwenzake mwenye deni la dinari 100, dinari ikiwa ujira wa siku moja. Alisamehewa mno, akasahau upesi mno, na hilo linahuzunisha. Kusamehe si kuuita uovu wema, wala hakumzuii aliyedhulumiwa kudai haki; ni kuacha kisasi. Atakayemkuta kazini leo mwenzake aliyemsengenya anaweza kuanza kwa kumsalimu.