Dari ya Nyumba ya Kisarawe

Mzee mmoja wa Kisarawe alinunua nyumba iliyojengwa kabla ya uhuru, akaita fundi kutoka Maili Moja, Kibaha, amtolee dari ya zamani na kumwekea jipsamu. Kijana huyo alikuwa hodari kwelikweli. Aligonga dari mara moja tu: "Hii nayo ni jipsamu, mzee. Ya kizamani."

Haikuwa. Jipsamu ni laini, hata msumari huitoa unga mweupe. Plasta ya chokaa hukandikwa juu ya papi, na bodi ya nyuzi za mbao ni nyepesi, mchwa huipenda. Ile ya mzee ilikuwa ngumu, ya kijivu mgongoni, ikigongwa inalia kama kigae, na maungio yake yamefunikwa kwa mikanda ya mbao. Hizo ni dalili za saruji iliyochanganywa na asbesto. Jicho peke yake haliwezi kuthibitisha. Hiyo ni kazi ya maabara na hadubini. Lakini dalili zinatosha kumfanya mtu ashushe nyundo.

Kijana aliipandisha. Sebule nzima ikavunjwa kavukavu, saidia fundi akafagia bila barakoa, na jirani akaomba vipande vizima aezekee banda la kuku.

Kesho yake akapita seremala mstaafu, akaokota kipande na kutazama ukingo uliovunjika. Nyuzi zilikuwa zimechomoza.

"Mbona hatukohoi, babu?" kijana akauliza.

"Hutakohoa leo, mjukuu wangu."

Hapo ndipo asbesto inapowahadaa watu. Vumbi lake haliwashi wala halinuki, na saratani inayotokana nalo mara nyingi huchukua miaka 20 hadi 40 kujitokeza. Uingereza ilipiga marufuku asbesto ya bluu na ya kahawia mwaka 1985, nyeupe ikafuata 1999. Kijana wetu ana miaka 24.

Kifusi kikalowanishwa, kikafungwa katika nailoni nzito mara mbili, na NEMC, baraza la mazingira, wakaulizwa kitupwe wapi. Banda la kuku nalo likaezuliwa, jirani akinung'unika. Vyumbani dari ilikuwa nzima, haina ufa, kwa hiyo seremala akaamuru ipakwe rangi tu, isitobolewe popote.

"Na feni yangu ya juu?" mzee akauliza.

"Nunua ya kusimama."