Asiyeshika Bunduki, Je, Hana Hatia?

Amri ya Tano yatukataza kuua. Tukifundishwa amri hiyo, mara nyingi mtu huuliza: "Habari ya askari apigaye bunduki tumeisikia. Lakini yule akaaye nyuma ya vita, atengenezaye daraja, abebaye mizigo, apikiaye jeshi, je, naye atatoa hesabu mbele ya Mungu?" Swali hilo si geni kwetu watu wa Lualaba.

Katanga ilijitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960. Mwezi wa Januari 1963 majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikuwa yakisonga mbele. Ili kuyazuia, madaraja ya mto Lufira yalibomolewa. Hata hivyo askari wa India walivuka, wakaingia Jadotville, ndio Likasi ya leo, tarehe 3. Kolwezi ukabaki mji wa mwisho. Ndipo kilipotolewa kitisho kikubwa: kwamba mabwawa ya mto Lualaba, yaani Delcommune, liitwalo leo Nzilo, na Le Marinel, liitwalo leo Nseke, yatalipuliwa pamoja na mitambo ya migodi. Mungu alituepusha. Tarehe 21 Januari askari wa Umoja wa Mataifa waliingia Kolwezi pasipo vita, na mabwawa hayo yangali yamesimama.

Fikirini basi. Bwawa halibomoki kwa neno la mkubwa tu. Shurti mmoja atoboe tundu, wa pili alete baruti, wa tatu avute waya. Baruti ni ile ile ipasuayo mwamba mgodini ili mtu apate chakula cha watoto wake. Hakuna kati yao aliyemlenga mtu kwa bunduki. Lakini maji yakifunguliwa hayachagui. Hubeba askari, na mama, na mtoto mgongoni.

Kitabu cha kwanza cha Samweli chatueleza habari ya Daudi. Watu wake 200 walichoka, wakabaki kijitoni kulinda mizigo, na wenzao 400 wakaenda kupigana. Waliporudi, Daudi aliamuru wote wagawiwe nyara sawasawa. Basi, ikiwa mlinzi wa mizigo ana fungu lake katika faida, atasemaje kwamba hana fungu katika hatia?

Hata hivyo mafungu ya hatia si sawa. Tupime mambo matatu. Kwanza, kazi yenyewe: kumpikia mwenye njaa ni mbali na kuua, kutega baruti chini ya bwawa ni karibu sana. Pili, ujuzi: je, alijua kazi yake yaelekea wapi? Tatu, hiari: katika vita vile vya kwanza vya dunia, Wakongo wengi walitwaliwa kwa nguvu kuwa wapagazi wa jeshi lililouteka Tabora mwezi wa Septemba 1916. Aliyelazimishwa hahukumiwi kama aliyependa.

Lakini mtu atasema: "Nimeamriwa, nikikataa nitauawa." Ndugu yangu, hilo ni neno zito, wala tusilicheke. Hofu hupunguza hatia, lakini haiwezi kuugeuza uovu kuwa wema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba utii wa upofu haumwondolei hatia atendaye maovu ya namna hii, ukawasifu wale wanaothubutu kuwakatalia wakubwa waziwazi. Kumwangamiza asiye na hatia hakuna mkubwa awezaye kutuamuru.

Tena, mikono ile ile yaweza kutenda mema. Alijengaye upya daraja, majeruhi wakapita na chakula kikafika, hata kwa waliokuwa adui, huyo amefanya kazi ya huruma.

Basi, kabla hujashika chombo cha kazi, jiulize: kazi hii itamfikia nani, nayo itamtendea nini? Usingoje vita vije ndipo uanze kujiuliza. Leo kijijini, anayesimama njiani kumlindia mwizi hakugusa mlango wa mtu, lakini moyoni ajua fungu lake. Tuombe neema ya Ubatizo ituzoeze kusema "hapana" katika madogo, ili tusishindwe siku ya makubwa.