Kipimo cha Akili nacho Kipimwe

Mtu akishindwa mtihani twasema upesi: hana akili. Je, tumeuliza kama mtihani wenyewe ni wa haki?

Tazama mambo ya Marekani. Mwaka 1917, nchi ile ilipoingia vitani, Robert Yerkes na wenzake walitunga mitihani ya kupima akili za askari. Watu zaidi ya milioni moja na nusu walipimwa. Swali moja liliuliza: Crisco ni nini? Ni dawa ya ugonjwa, dawa ya kuua vijidudu, dawa ya meno, ao chakula? Crisco ni mafuta ya kupikia ya maduka ya huko. Mgeni aliyeshuka melini juzi atajuaje? Hapo hawakupima akili, walipima ukaaji. Mwaka 1923 Carl Brigham alitegemea mitihani ile kuandika kwamba wahamiaji wa kusini na mashariki ya Ulaya wana akili ndogo. Mwaka 1930 yeye mwenyewe aliyakana maneno hayo.

Basi, swali lenye upendeleo hutambulikanaje? Haitoshi kuona kundi moja limeshinda jingine. Pengine lilifundishwa vizuri zaidi. Sharti kulinganisha walio sawa. Wachukue waliopata alama 20 katika kundi hili na waliopata 20 katika kundi lile. Wenye 30 vivyo hivyo. Kisha tazama swali moja moja. Ikiwa waliolingana kwa jumla wanaachana sana katika swali moja, swali hilo litiliwe shaka. Hesabu ya namna hii Mantel na Haenszel waliitoa mwaka 1959 kwa kuchunguza magonjwa. Mwaka 1988 Holland na Thayer waliieleza kwa mitihani.

Lakini hesabu haimalizi kazi. Kama maswali yote yameelemea upande mmoja, jumla nayo imepinda, na wale tuliowaita sawa si sawa. Tena hesabu huonyesha tofauti tu. Kama tofauti ile ni dhuluma, ao ni jambo lile lile tulilotaka kupima, lazima mtu aamue kwa dhamiri yake.

Kwa hiyo anayepima wengine ana deni kwao: akipime kwanza kipimo chake. Maana mtoto aliyefungiwa mlango wa shule kwa swali bovu hatalilaumu swali. Atajilaumu mwenyewe, na kujiona mjinga maisha yake yote.