Kanda ya Watu

Mashine ilifika Kibosho siku tatu kabla ya Krismasi, imefungwa katikati ya nguo kwenye begi la dada yangu anayeishi Uingereza. Ni boksi jeusi lenye matundu mawili juu: moja la kanda za Kijapani zenye pini 60, jingine la kanda za Marekani na Ulaya zenye pini 72. Hakuna neno Nintendo popote juu yake. Kazi yake ni kuchezesha kanda za gemu za miaka ya themanini na tisini kwenye televisheni za leo. Ni kopi, na haijifichi. Niliiagiza kwa hela yangu, na sababu ya kuiagiza sikumwambia dada.

Sababu yenyewe ilikuwa kwenye droo ya kabati, katika chumba nilicholala nikiwa mtoto: kanda moja ya plastiki ya njano, karatasi yake imechubuka, inajitangaza kuwa na michezo 9999. Ilikaa humo tangu mwaka 2000.

Nianze na mashine, maana ndiyo niliyokusudia kuiandikia. Dada alileta pia kanda moja halisi aliyoinunua mtumba, ya Super Mario Bros. ya mwaka 1985. Niliichomeka, nikaunganisha waya mmoja tu kwenye TV ya sebuleni, na picha ikatokea safi kuliko nilivyowahi kuiona utotoni. Hakuna chenga, hakuna kugongagonga TV ubavuni. Pedi ni nyepesi na zinatii, ingawa kati ya kubonyeza na kuruka kuna kuchelewa kidogo sana, ambako mtu asiyeijua Mario asingekuhisi. Bastola ya kupigia bata haifanyi kazi, na kosa si la mashine. Bastola zile zilitegemea TV ya chogo: ukivuta kifyatulio, skrini inakuwa nyeusi kufumba na kufumbua, kisha kinachorwa kiboksi cheupe pale alipo ndege, na jicho la bastola linatazama kama limeona mwanga kwa wakati uleule. TV bapa inachelewa, na bata wote wanapona.

Kisha nikachomeka kanda ya njano. Mashine ikafikiri. Ikaandika kwamba kanda haitambuliki.

Nikaitoa, nikaipuliza kama tulivyokuwa tukifanya, nikairudisha. Haitambuliki. Nikasugua pini kwa pamba yenye spiriti. Haitambuliki.

Baadaye nilielewa kwa nini. Mashine hizi ziko za namna mbili. Zipo zinazotumia chipu ambayo nyaya zake za ndani hupangwa upya mpaka iwe na mwenendo wa chipu ya zamani yenyewe. Za kampuni ya Analogue ya Marekani ni za namna hiyo, na bei yake si ya mchezo. Na zipo za bei nafuu, kama yangu, zinazosoma kanda, kuhifadhi nakala yake kwenye kumbukumbu, kisha kuichezesha nakala hiyo kwa programu inayojifanya kuwa mashine ya zamani. Hizi zinahitaji kujua kanda imepangwaje ndani. Kanda za michezo mingi zilizotengenezwa kwa wizi, kila fundi alizipanga kwa ujanja wake, na ujanja mwingi programu haiujui. Kwa hiyo hapa Kibosho, sebuleni kwa mama, kopi iliikataa kopi.

Nilicheka, kisha nikaudhika. Ile kanda inaitwaje feki, wakati mimi sikuwahi kuwa na nyingine?

Msomaji aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 huenda hajui kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Zanzibar walikuwa nacho miaka ishirini mbele yetu. Kwa hiyo TV ilipopanda huku mlimani, gemu ilipanda nayo karibu wakati mmoja, na iliyokuja haikuwa Nintendo. Zilikuja mashine zilizoigizwa Taiwan na China, zenye chipu moja iliyofunikwa kwa tone jeusi la gundi. Hatukujua kwamba mashine tunayoiita "gemu" ilikuwa na baba huko Japani aliyezaliwa Julai 1983. Tulimjua Mario kwa sura, tukamjua yule askari wa Contra asiyevaa shati, na tuliamini kabisa kwamba kuna michezo 9999. Ilikuwa ishirini na kitu, iliyorudiwarudiwa kwa majina tofauti.

Huyo baba wa Japani naye ana ukoo wake. Chipu iliyokuwa moyo wa mashine yake, iliyotengenezwa na kampuni ya Ricoh, ilifuata muundo wa chipu ya 6502 ya kampuni ya Kimarekani, MOS Technology, ya mwaka 1975. Sehemu moja ya hesabu ilizimwa, na wengi wanaamini ilizimwa ili kukwepa hataza. Ukiitafuta orijino ya kwanza kabisa, unafungua mlango na kukuta mlango mwingine.

Hapa nyumbani jambo hili halipaswi kutushangaza. Kihamba cha mama kimejaa migomba, na mgomba wa kuliwa hauoti kwa mbegu. Unaotesha chipukizi. Kila mgomba pale ni nakala ya mgomba uliouzaa, mpaka kwa mababu, na hata mababu waliupata kwa wengine, maana asili ya ndizi ni Asia. Kahawa iliyotusomesha ililetwa na wamisionari. Tunavijua vitu hivi kama vyetu, na ni vyetu.

Na kihambani kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Ukimwomba jirani chipukizi la mgomba wake mzuri, anakupa, na hakuna atakayesema umemwibia. Mgomba wake umebaki pale pale. Lakini ukiingia usiku ukakata mkungu, wewe ni mwizi, hata kama ni mkungu mmoja na yeye anayo migomba mia. Kati ya kuiga na kuiba ni herufi moja. Kihambani tofauti inapimwa kwa swali moja: asubuhi, mwenzako ameamka na nini?

Najua swali hilo halitoshi. Miaka ileile tuliyokuwa tukicheza gemu, wasanii wa Bongo Fleva walikuwa wakiona kaseti zao zikidurufiwa na kuuzwa barabarani. Aliyedurufu hakuchukua kaseti ya mtu, lakini msanii aliamka na mfuko mtupu, kwa sababu yule mnunuzi angenunua kwake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikuja kwa sababu za namna hiyo. Na kuna dawa bandia, ambazo hata asingekuwepo wa kuibiwa zingebaki kuwa uovu, kwa sababu zinamdanganya mgonjwa. Kwa hiyo naongeza swali la pili: nani ameambiwa uongo?

Kwa maswali hayo mawili naweza kuipima mashine mpya. Hataza za mashine ya 1983 zimekwisha muda wake. Yeyote anaweza kuiiga. Haijiiti Nintendo. Hakimiliki za michezo bado ziko hai, lakini inachezesha kanda ambayo mtu tayari ameinunua. Haijamwacha mtu mikono mitupu na haijadanganya. Kanda ya njano inafeli swali la pili, kwa zile 9999. Swali la kwanza ni gumu zaidi. Waliotunga Contra hawakupata senti yetu, na jasho lao lilikuwa jasho. Lakini hapakuwa na duka Moshi lililouza kanda yao, na kama lingekuwepo, bei yake ingekuwa ya gunia la kahawa. Sisemi hatukuwa na deni. Nasema deni letu kwao lilikuwa dogo kuliko deni langu mimi, ambalo sasa lazima nilitaje.

Kanda ile si yangu.

Mwaka 2000 nilikuwa darasa la tano. Kwa jirani yetu, juu kidogo ya kwetu, umeme ulikuwa umefika, na kaka wa rafiki yangu alikuwa ameleta gemu kutoka Dar alikokuwa akiuza nguo. Watoto wa mtaa walilipa shilingi ishirini. Mimi sikulipa, kwa sababu ya urafiki. Walikuwa na kanda moja tu, ya njano. Mwezi wa saba, shule ikiwa imefungwa, nilimwomba rafiki yangu aniazime niende nayo kwa shangazi Pasua, mjini, ambako binamu zangu walikuwa na mashine kama ile. Siku mbili tu. Akaniazima bila kumwambia kaka yake.

Jumapili jioni nilirudi nikamwambia imeniponyoka nikiruka mfereji, maji yameichukua. Ilikuwa ndani ya shati langu nikisema hivyo.

Nimejiuliza miaka mingi kwa nini. Kwetu hapakuwa na umeme, TV, wala mashine. Nisingeweza kuicheza. Nadhani nilitaka tu kuwa mtu mwenye kanda. Rafiki yangu alichapwa na kaka yake, na mashine ikawa boksi lisilo na kazi, kwa sababu kanda ilikuwa hiyo hiyo. Mtaa mzima uliacha kucheza. Mafundi wa China waliiga mchezo, na mchezo ukaongezeka duniani. Mimi nilichukua kimoja, na kwetu mchezo ukaisha.

Kwa hiyo niliagiza mashine ya kisasa nikijidanganya kwamba nataka kuandika mapitio. Nilitaka kuicheza kanda walau mara moja kabla sijairudisha. Hata hilo mashine ilininyima, na nimeishukuru baadaye.

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi nilimweleza mama. Alinitazama kwa muda, akiwa ameshika sufuria ya mtori. "Miaka yote hiyo unapita kwao unakula," akasema. Kisha akatoka hadi kwenye mpaka wa kihamba na kurudi na isale, jani ambalo kwetu Uchaggani anayeomba msamaha humpelekea aliyemkosea. Ukiletewa isale hukatai kusamehe. Nilikuwa nalichukulia kama jambo la wazee wenye kesi za mashamba. Nililiweka ndani ya koti pamoja na kanda.

Rafiki yangu sasa ni fundi pikipiki. Kijiwe chake kiko kando ya barabara inayopanda kutoka Moshi mjini. Aliponiona akainua spana.

"Mangi! Umekuja kuhesabiwa?"

"Nimekuja. Na nimekuja na kitu cha watu."

Nikatoa kanda. Akafuta mikono kwenye ovaroli, kwanza kiganja, kisha kila kidole, bila kuharakisha. Hakuichukua.

"Nilishuka mferejini siku tatu," akasema. "Asubuhi. Maji ya mwezi wa saba unayajua. Nilikuwa nainua mawe."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja katika miaka yote. Nilifikiria fimbo, nilifikiria mashine iliyonyamaza. Sikufikiria kwamba uongo wangu ulimpa kazi ya kufanya. Aliniamini, kwa hiyo alitafuta.

Nikampa isale kwa mikono miwili. Akalipokea, akalitazama, akalichomeka kwenye mfuko wa kifuani kama kalamu. Kisha akaichukua kanda, akaigeuza, na kabla ya kitu kingine chochote akaipuliza. Pumzi haisaidii, ina unyevu na huleta kutu kwenye pini. Nilikuwa nimesoma hivyo wiki ileile. Sikumwambia.

"Inafanya kazi?"

"Sijui. Mashine yangu mpya haiitambui."

"Ile ya kaka ipo darini kwa mama. Adapta iliungua, hiyo naitengeneza mimi. Tatizo ni TV. Hizi za siku hizi hazina matundu ya zile waya tatu."

Mteja akaja na pikipiki isiyowaka, na rafiki yangu akainama kazini. Sikuambiwa nimesamehewa. Isale linamtaka asamehe, sidhani kama linamtaka aseme.

Kwa anayeuliza kama mashine mpya inafaa kununuliwa: inafaa, ukiwa na kanda halisi na usiwe na haja ya bastola. Yangu nimemwachia mama, wajukuu wanaicheza.

Tarehe 26 nilishuka Moshi mjini kutafuta TV ya chogo. Niliipata Pasua kwa fundi redio, elfu kumi na tano. Ina chenga kidogo upande wa kulia.