Uchungu wa Kiasi

Je, kipimo kina maadili? Msomaji mwenzangu, usicheke kwanza. Mpika mbege kule Kilimanjaro huotesha ulezi, akaukausha na kuusaga uwe kimea. Ndizi mbivu huchemshwa, zikaachwa siku kadhaa. Hutiwa pia gome la msesewe, nalo ni chungu. Likizidi, pombe hainyweki. Likikosekana, utamu unachosha.

Wengi watasema hiyo ni ladha tu, maadili yanaingiaje? Mimi nakataa. Anayeonja kwanza ni mpikaji, lakini wa kunywa ni wengine, na hawajui kilichomo pipani. Wanamwamini tu. Mwaka 2000 jijini Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe yenye methanoli. Sumu hiyo haihitaji kungojwa: inamiminwa, ukali unapatikana papo hapo.

Ulezi, lakini, hauoti kwa kuharakishwa. Basi wema wa mpikaji nauona hapa: kungoja hata pale ambapo hakuna anayemwona. Na sisi tunaoandika je? Jamani, nasi tunapika, na watu wanakunywa.